Kumuuguza nyumbani mgonjwa aliye ukingoni mwa maisha: mwongozo kwa familia za Mwanza na kandokando ya Ziwa

Ndugu wengi wakiambiwa na daktari kwamba mgonjwa wao arudishwe nyumbani huona wamefukuzwa. Mgonjwa amelala wodini Bugando au Sekou Toure kwa wiki kadhaa, amepimwa, amepewa dawa, pengine amepitia na mionzi, kisha familia inaitwa pembeni na kuelezwa kwamba saratani imeshasambaa, au figo zimeshindwa kabisa, au moyo umechoka, na kwamba tiba ya kuponya haipo tena. Hapo ndipo baadhi huanza kumzungusha hospitali hii na ile, wengine kwa waganga, mpaka akafia njiani. Tiba ya kuponya ikiisha, kazi ya kuuguza huwa haijaisha: bado kuna maumivu ya kuzuia, ngozi ya kutunza, mdomo wa kusafisha, maneno ya kusikilizwa na jamaa wa kuandaliwa. Huduma hii wataalamu huiita tiba shufaa, na sehemu yake kubwa inaweza kufanywa na ndugu ambao hawajawahi kusomea uuguzi, mradi wameelekezwa na wana mtu wa kumpigia simu wanapokwama.

Maelezo yanayofuata yanamhusu mtu mzima. Mtoto ana vipimo vyake vya dawa, na saratani ya Burkitt, ambayo huku Kanda ya Ziwa huwapata watoto wengi, mara nyingi hutibika, kwa hiyo mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukata tamaa kabla wataalamu wa watoto hawajamwona.

Kabla ya kuondoka wodini

Msiondoke na bahasha ya vyeti peke yake. Ndugu wawili wakae na daktari au muuguzi, mmoja aulize na mwingine aandike kwenye daftari, kwa sababu mtu aliyetoka kupokea habari nzito husahau nusu ya anayoambiwa. Ulizeni ugonjwa umefika wapi na mtarajie mabadiliko gani. Dawa za maumivu ni zipi, zinatolewa saa ngapi na zikiisha zinachukuliwa wapi. Dawa zipi za zamani ziachwe sasa, maana mgonjwa aliyebakiza wiki chache hana sababu ya kumeza lundo la vidonge visivyompa nafuu yoyote. Na usiku mambo yakiharibika mumpigie nani. Ombeni pia maelezo mafupi ya maandishi ya kupeleka kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nanyi, ili muuguzi wa pale asianze upya kuuliza mgonjwa huyu ni nani. Kama mtaa au kijiji chenu kina mhudumu wa afya ya jamii, yule anayejulikana kama WAJA, mjulisheni mapema.

Jambo lolote mtakalotakiwa kulifanya nyumbani, kama kumwaga mfuko wa mkojo, kumlisha kwa mpira wa puani au kufunga kidonda, lifanyeni wodini kwa mikono yenu mbele ya muuguzi, mara mbili au tatu. Kuangalia tu hakutoshi.

Kisha amueni mgonjwa atauguziwa wapi. Wazee wengi husema wazi kwamba wanataka kufia kwao, na ombi hilo lina haki ya kusikilizwa, lakini lisikilizwe wakati mwili bado una uwezo wa kustahimili safari. Kwenda Sengerema kumekuwa kwepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, kwa kuwa mgonjwa hangojei tena kivuko juani. Ukerewe bado ni suala la maji: ama meli ya saa kadhaa hadi Nansio, ama kuzunguka kwa barabara kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa pantoni hadi Rugezi. Kabla ya kukata tiketi, hakikisheni mambo mawili: kwamba dawa ya maumivu mliyopewa inatosha mpaka atakapoonwa tena, na kwamba kuna mtumishi wa afya kule anayejua kwamba mgonjwa anakuja. Mzee aliyefikishwa kwao akilia kwa maumivu kwa sababu dawa imeishia njiani hajatimiziwa ombi lake.

Kumpandisha mlimani

Vitabu vya uuguzi vilivyoandikwa kwa ajili ya miji tambarare haviligusi jambo hili, ila kwa anayeishi Mabatini, Igogo, Bugarika au Isamilo ndilo la kwanza. Gari linaishia chini, na kutoka hapo ni ngazi za mawe na vichochoro kati ya miamba. Bodaboda haimfai mtu asiyeweza kujishikilia, na kumbeba mgongoni mwenye uvimbe tumboni au mifupa iliyoliwa na saratani ni kumtesa.

Tafuteni kiti imara cha mbao chenye mikono. Cha plastiki huvunjika miguu kwenye mawe. Mpeni dawa ya maumivu kama nusu saa au saa moja kabla ya kuondoka. Mketisheni, mkunjieni shuka mgongoni, kisha mfungeni kwa khanga mbili, moja kifuani chini ya makwapa na nyingine mapajani, zisibane. Wanaume wanne washike kiti, na mtu wa tano atangulie kuondoa watu njiani na kutaja ngazi iliyolegea. Wakati wa kupanda na wakati wa kushuka, uso wa mgonjwa uelekee bondeni na kiti kilazwe nyuma kidogo, ili uzito wake uegemee mlima na asihisi anadondoka. Pumzikeni kila mnapopata uwazi. Kama mnajua kwamba atahitaji kurudi kliniki mara kwa mara, ni busara kuomba chumba kwa ndugu anayekaa tambarare, Buhongwa au Igoma kwa mfano, kuliko kurudia safari hiyo.

Chumba

Mgonjwa asifichwe chumba cha uani. Awekwe mahali anaposikia sauti za nyumba yake, penye dirisha, na kama paa ni la mabati na hakuna dari, kitanda kisogezwe mbali na upande unaopigwa na jua la mchana. Pandisheni kitanda kwa matofali hadi kimo cha kiuno cha anayeuguza, vinginevyo migongo itaisha kabla ya wiki mbili. Juu ya godoro tandikeni nailoni nzito, na juu yake shuka mbili za pamba, maana nailoni ikigusa ngozi hutoa jasho na ngozi huharibika. Neti ni lazima. Karibu na kitanda kuwe na maji ya kunywa, beseni, sabuni, glovu, tochi ya kutumia umeme ukikatika, na kikombe cha bati chenye kijiko cha kugongea anapotaka kuita.

Zamu na daftari

Mtu akifariki, familia za huku hazihitaji kufundishwa. Ndani ya saa chache turubai limefungwa, kamati imeundwa, daftari la michango limefunguliwa, na kila mmoja anajua nani anapika, nani anapokea wageni na nani anafuatilia jeneza. Wiki zilizotangulia, mama mmoja au binti mmoja alikuwa akikesha peke yake na mgonjwa, akiazima hela ya pampasi. Mimi naona utaratibu ule ule wa msiba uanze siku mgonjwa anaporudi nyumbani, na michango ile ianze angali yeye mwenyewe anaweza kuifaidi. Itisheni kikao kidogo, hata kwa simu na walio Dar es Salaam au Kahama, na mgawane mambo: nani analala chumbani usiku upi, nani anafua, nani anafuata dawa, nani anatuma fedha na kwa nani. Anayeuguza asikeshe zaidi ya usiku mbili mfululizo.

Katika kugawana, angalieni heshima. Kwa mila za wengi huku, mkamwana kumwogesha baba mkwe wake ni jambo la kuwaaibisha wote wawili, na mzee atakataa kuoga kuliko kuvuliwa mbele yake. Mtoto wa kiume amwogeshe baba, binti au dada amwogeshe mama, na mkamwana abaki na jiko na nguo. Wajukuu ni wauguzaji wazuri kuliko wanavyodhaniwa, kwa sababu utani kati yao na babu au bibi humrahisishia mzee kuomba asichoweza kumwomba mwanawe.

Daftari la pili liwe la mgonjwa. Anayemaliza zamu aandike saa na dawa iliyotolewa, maumivu yalikuwaje, kama amepata choo na mkojo, na amelazwa upande gani. Wageni wapangiwe muda, wapokewe nje kwanza, na aliyechoka asilazimishwe kuitikia shikamoo thelathini kwa siku.

Maumivu

Maumivu huharibu usingizi, hamu ya kula na hata sala, kwa hiyo yashughulikiwe mwanzo. Kila zamu iulize: "Mama, panauma wapi? Kiasi gani?" Mwambieni aonyeshe kwa mkono: ngumi maana yake hapaumi, kidole kimoja ni kidogo, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Asiyeweza kusema, mtazameni uso anapogeuzwa, kama anakunja ndita, anaguna au anakaza mwili.

Kwa maumivu madogo, parasetamoli hutosha: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, na vipungue kwa aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa ini kadiri daktari atakavyosema. Diklofenaki na jamii yake zisinunuliwe tu dukani na kutolewa kila siku, kwa kuwa huchubua tumbo na kuumiza figo. Maumivu makali ya saratani yanahitaji mofini, ambayo kwa matumizi ya nyumbani mara nyingi huwa ya maji ya kunywa. Haiuzwi kwenye duka la dawa muhimu. Hutolewa hospitali kwa cheti cha daktari, kwa kuwa ni dawa inayodhibitiwa kisheria.

Mofini ya maji ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hivi, na ndiyo sababu hutolewa kwa saa maalumu bila kusubiri maumivu yarudi. Ratiba iliyozoeleka ni saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na mara nyingi daktari huagiza dozi ya usiku iwe mara mbili ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi alfajiri. Daktari aandike kipimo kwa miligramu na pia kwa mililita, kwa sababu chupa mbili za mofini zinaweza kutofautiana nguvu mara kadhaa huku rangi na ukubwa vikifanana. Kila mnapopewa chupa mpya, someni kibandiko na kulinganisha na cha zamani kabla ya kumimina tone la kwanza. Pimeni kwa sirinji isiyo na sindano wala si kwa kijiko cha nyumbani, kwani vijiko havilingani. Maumivu yakimjia katikati ya saa hizo, mpeni dozi ya ziada kama iliagizwa, iandikeni daftarini, na hesabu hiyo mpelekeeni daktari ili aongeze kipimo cha kila siku.

Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa anaweza kusinzia sana na kupata kichefuchefu. Mara nyingi hupita. Kufunga choo hakupiti, kwa hiyo mofini ianze pamoja na dawa ya kulainisha choo, bisakodili kwa mfano, isipokuwa kama mgonjwa anaharisha. Akisinzia kiasi kwamba haamshiki, pumzi zikawa za polepole sana na mboni za macho zimekuwa ndogo mno, msimpe dozi inayofuata, na pigeni simu mara moja. Hofu ya kwamba mofini ni dawa ya kulevya huwafanya ndugu waipunguze kwa siri. Mgonjwa anayeitumia kwa maumivu na kwa kipimo chake hageuki teja, wala mofini iliyopimwa vizuri haimwahishi kufa. Ikiachwa ghafla baada ya wiki kadhaa, mwili hutetemeka na maumivu hurudi kwa nguvu, kwa hiyo msingoje chupa ikauke ndipo mwende kuchukua nyingine.

Kumgeuza na kutunza ngozi

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 mchana, na usiku kadiri alivyoelekeza muuguzi. Vidonda vya kulala huanzia pale mfupa unapokaribia ngozi: juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, mabega, viwiko, hata masikio. Alama ya kwanza ni sehemu nyekundu, au kwa ngozi nyeusi sehemu iliyoiva na kuwa nyeusi zaidi, yenye joto au iliyokuwa ngumu. Hapo pasilaliwe tena mpaka parudi hali yake, na pasisuguliwe, kwa kuwa kusugua huvunja nyama iliyokwisha kuumia chini.

Namna ya kumgeuza bila kumburuta ni hii. Shuka moja ikunjwe mara mbili na kutandikwa chini yake kwa upana, kuanzia mabegani hadi mapajani. Wauguzaji wawili wasimame huku na huku, wakunje kingo za shuka karibu na mwili wake, wahesabu pamoja, na kumvuta kidogo kuelekea ukingo mmoja. Kisha goti la mbali likunjwe, mkono mmoja ushike bega na mwingine nyonga, na aviringishwe taratibu kumwelekea aliyesimama mbele yake, aone uso wa mtu badala ya ukuta. Mto mmoja nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, na khanga iliyokunjwa chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Mwisho pitisheni kiganja chini yake kunyoosha mikunjo ya shuka na kuondoa chembe za ugali. Mwambieni kila mnachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa, hata kama hajibu.

Aogeshwe kila siku kwa maji ya vuguvugu, sehemu moja baada ya nyingine huku kwingine kukifunikwa, akaushwe vizuri kwenye makwapa, chini ya matiti na kwenye mapaja, kisha apakwe mafuta.

Mdomo, chakula na dripu

Mdomo usafishwe baada ya kila mlo, na kila saa chache kwa asiyekula tena. Kitambaa laini kizungushwe kwenye kidole chenye glovu, kichovywe kwenye maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, kipanguse ulimi, ufizi na ndani ya mashavu, na midomo ipakwe mafuta ya mgando. Utando mweupe unaong'ang'ania ulimini na kuacha wekundu ukipanguswa ni fangasi na una dawa yake, ulizeni.

Chakula kiwe kile anachokitaka, kwa vijiko vya chai, akiwa ameinuliwa, na abaki ameinuliwa nusu saa baada ya hapo. Uji mwepesi wa ulezi, mtindi, papai bivu, mchuzi wa sato uliochujwa miiba: vyote ni vizuri, na vijiko vitatu vikimtosha, yatosha. Ugomvi mkubwa wa siku hizi huwa hapa, kwa kuwa mama hawezi kukubali kumwona mwanawe anakataa chakula. Mwili unaoelekea kuzima hauna njaa kama yetu, na chakula kinacholazimishwa huishia kwenye mapafu. Akianza kupaliwa na maji, acheni kumpa kwa mdomo na endeleeni kuulowanisha tu.

Ndugu wengine wakiona hali hiyo huleta mtu wa mtaani amtundikie dripu. Katika siku za mwisho dripu mara nyingi haiongezi nguvu, na maji hayo mwili usioweza kuyatumia huyapeleka miguuni na kifuani, mgonjwa akavimba na kuhema kwa shida. Asitundikiwe bila ushauri wa muuguzi au daktari anayemfuatilia. Dawa za mitishamba nazo, kama mgonjwa anazitaka, mwambieni muuguzi ni zipi. Kwa anayepaliwa zisimiminwe mdomoni kabisa.

Choo, mkojo na kidonda chenye harufu

Akipitisha siku tatu bila choo, toeni taarifa, na mjue kwamba kuharisha kidogo kidogo kwa mtu aliyefunga choo muda mrefu kunaweza kuwa maji yanayopita pembeni ya choo kigumu. Mfuko wa mpira wa mkojo ukae chini kuliko kibofu na usiguse sakafu. Mkojo ukikoma kutoka huku tumbo la chini limejaa na mgonjwa anahangaika, kwanza angalieni kama mpira umejikunja, kisha muiteni muuguzi, maana kibofu kilichojaa humfanya mtu apige kelele na kurusha mikono hata watu wakadhani amepandwa na mashetani.

Saratani ya titi au ya mlango wa kizazi inaweza kutoa majimaji yenye harufu kali, na aibu ya harufu hiyo humuumiza mgonjwa kupita kidonda chenyewe. Chemsheni maji nusu lita, tieni chumvi kijiko kimoja cha chai, yaacheni yapoe, na muoshee kidonda kwa kumimina bila kukwangua. Kitambaa kilichogandia kiloweshwe mpaka kiachie chenyewe. Muulizeni muuguzi kuhusu kusaga vidonge vya metronidazo na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda, kwani huua bakteria wanaoleta harufu. Beseni la mkaa mkavu, usiowashwa, chini ya kitanda nalo husaidia, na dirisha liwe wazi. Kidonda kinachoweza kutoa damu kiwekewe taulo la rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva karibu. Damu ikitoka, bonyezeni kwa taulo hilo kwa utulivu, nayo haitamtisha kama inavyomtisha kwenye shuka nyeupe. Mnaposhika damu au uchafu vaeni glovu, na nguo zilowekwe kwenye maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Maneno ya kusema na ya kuacha

Wagonjwa wengi wanajua. Wanaona ndugu wa Bariadi wamekuja ghafla, wanasikia minong'ono ukumbini, kisha wanaambiwa "utapona tu," na hapo wanabaki peke yao na siri ambayo kila mtu anayo. Anayeaminiwa na mgonjwa amuulize kwa upole: "Baba, wewe unaonaje ugonjwa huu?" Atakachojibu ndicho kitaonyesha anataka kuambiwa kiasi gani, na asiyetaka kujua zaidi asilazimishwe.

Mazungumzo ya nani kamroga yasifanyike ndani ya nyumba hiyo. Nalisema hili bila kuzunguka kwa sababu huku Usukumani tuhuma za namna hiyo zimeshawatoa roho bibi wazee wasio na hatia, na kwa sababu mgonjwa anayesikia ukoo wake ukitafuta mchawi hulala na hofu ambayo mofini haiiondoi. Kama kuna ndugu anayeshikilia jambo hilo, mzee wa ukoo au kiongozi wa dini aongee naye mbali na kitanda.

Wosia uandikwe angali ana akili timamu. Kwa sheria ya mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne. Wanaorithi wasiwe mashahidi. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, huhifadhi wosia, nalo ni jambo la kufikiria pale familia inapokuwa na wake zaidi ya mmoja. Yapo na mambo yasiyo ya mali: ng'ombe aliye kwa rafiki, deni la nyavu mwaloni, mtoto asiyejulikana nyumbani. Aulizwe kama kuna anayetaka kumwona au kusameheana naye.

Mkatoliki aitiwe padri kwa Mpako wa Wagonjwa mapema, angali anaweza kuitikia na kupokea Komunyo. Mwislamu awe na mtu wa karibu anayejua kumlakinia shahada kwa sauti ya chini bila kumchosha, na alazwe kuelekea Kibla inapowezekana.

Siku na saa za mwisho

Mgonjwa atalala muda mrefu zaidi, hatataka kula wala kunywa, mkojo utapungua na kuwa mweusi, mikono na miguu itapoa na ngozi kuwa na mabaka. Pumzi zitabadilika: haraka, kisha polepole, kisha zinakoma kwa nusu dakika na kuanza tena. Kooni kunaweza kutokea sauti ya kukoroma kwa sababu ya mate ambayo hawezi tena kuyameza. Sauti hiyo huwatesa wanaosikiliza kuliko yeye. Mgeuzeni ubavu, inueni kichwa kidogo, futeni kinachotoka mdomoni, na msiingize kidole wala kitambaa kooni. Anayehema kwa shida afunguliwe dirisha, apepewe usoni, na awekwe nusu ameketi.

Dawa ya maumivu isikatishwe eti kwa kuwa amelala. Mpigieni muuguzi awaeleze namna ya kuitoa kidogo kidogo kwa sirinji ndani ya shavu, au njia nyingine. Semeni naye, kwa kuwa kusikia kunaweza kubaki hata macho yakifumba. Wanaotaka kulia sana watoke nje. Hapa ndipo mtu mmoja husimama na kusema aitiwe bajaji apelekwe hospitali. Kama hali hii ndiyo mliyoelezwa na mkaitarajia, na hana maumivu, mwacheni kwenye kitanda chake. Mpigieni muuguzi, au mumpeleke, ikiwa maumivu hayatulii hata baada ya dozi ya ziada, anapata degedege, anatoka damu nyingi isiyokoma, au anahangaika kwa sababu msiyoijua.

Baada ya kukata roho

Hakuna haraka. Angalieni kwamba pumzi zimekoma kabisa, andikeni saa, na wapeni walio ndani nafasi ya kukaa naye. Fumbeni macho kwa kiganja, fungeni taya kwa kitambaa kinachopita chini ya kidevu hadi utosini, nyoosheni mikono na miguu kabla mwili haujakakamaa. Kwa Mwislamu, waiteni wanaojua kuosha na kukafini, na mipango ya kuzika ianze mara moja.

Kifo kilichotokea nyumbani hutolewa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa mtendaji, ambako ndugu huanzia kupata kibali cha mazishi. Wapelekeeni vyeti vya hospitali vinavyoonyesha ugonjwa, navyo huzima maswali mengi. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Cheti cha RITA ndicho kitakachoulizwa na mahakama ya mirathi, benki na mifuko ya pensheni, na kukifuatilia baada ya mwaka ni usumbufu mtupu.

Mofini iliyobaki irudishwe hospitali ilikotoka, isipewe jirani mwenye maumivu ya mgongo wala kuachwa kabatini watoto wanapofika. Kama marehemu alikuwa na kifua kikuu, wote walioishi naye wakapimwe. Na yule aliyeuguza zaidi ya wengine asirudishwe jikoni kuhudumia matanga. Mwingine achukue zamu yake, na kama wiki zinapita hapati usingizi wala hamu ya kula, ndugu wampeleke kituo cha afya, kwa kuwa mara nyingi shinikizo lake la damu halijapimwa tangu mgonjwa alipoanza kulala kitandani.